Sifuri Iko Barabarani

Kigali, 15 Machi 1992

Mjomba wangu mpendwa Silvère,

Pokea salamu za bibi harusi ambaye hajakanyaga barabara tangu siku aliyovaa shela. Mimi mzima, mume wangu mzima (ngoja niandike tena: mume wangu!), na mama mkwe Mukantwari mzima pia. Anakusalimu kwa Kinyarwanda kirefu ambacho nimekielewa nusu tu. Mashuka uliyotuma yalifika na basi bila hata doa. Ulikosekana, Mjomba. Kanisani nililitazama sana lile benchi la upande wetu. Lakini uliandika kwamba kazi zimekubana, nami najua ramani hazisubiri harusi ya mtu.

Tarehe ya harusi uliiona: ishirini na tisa Februari. Padri alitutania kwamba sherehe ya kukumbuka ndoa yetu itakuja mara moja kila miaka minne. Jean-Berchmans akamjibu mbele ya watu wote, kwa Kiswahili chake kile kile, "Padri, mimi nitafanya fête kila siku, ndiyo nisisahau." Niliona haya, kisha nikaona fahari, kisha nikakanyaga gauni langu mwenyewe.

Sasa nikueleze kifungo changu. Hapa bibi harusi hatoki nje, hafagii wala hapiki, mpaka ndugu waje kumtoa ndani kwa sherehe wanayoiita gutwikurura. Siku hizi mjini wanafanya haraka haraka. Lakini sisi tulioana Jumamosi, Jumatano yake Kwaresima ikaingia, na mama mkwe hataki kusikia ngoma wala kuona pombe ya ndizi kabla ya Pasaka. Basi nimo ndani! Nyumba yetu iko Muhima, kwenye mteremko, na dirishani naona mabati ya jirani chini yangu na miguu ya jirani mwingine juu yangu. Jioni nasikia hatua za Jean-Berchmans zikishuka ngazi za udongo na moyo unaruka kama samaki kwenye kikapu. Ananiletea machungwa, nayo hata yakiwa makali ni matamu.

Lakini kuna jambo linalomnyima usingizi, kwa hiyo linaninyima na mimi. Unajua kazi yake: anachora yale ya ndani ya majengo, maji safi, maji taka, mifereji ya hewa, nyaya za umeme. Katika jengo lao la mwisho bomba la maji taka na mfereji wa hewa vilikutana mahali pamoja ndani ya ukuta. Kwenye karatasi hakuna aliyeona. Ukuta ukabomolewa. Tangu hapo patron wao, yaani mkubwa wao wa kazi, Bwana Nsengiyumva, amenunua kompyuta na anataka kila kitu kijengwe humo kwa vipimo vitatu, siyo urefu na upana tu, bali na kimo pia, uweze kulizunguka jengo kama unavyoizunguka meza. Wauzaji wameleta programu mbili za kujaribu. Moja ni ya Kifaransa, nyepesi, lakini inachora ghorofa moja moja, bapa kama chapati. Nyingine ni ya Kiingereza. Hiyo inajenga kimo kweli kweli, ila kitabu chake cha maelezo ni kizito kama jiwe la kusagia, na Jean-Berchmans hajui Kiingereza hata cha kuombea maji.

Mwezi wa saba masista wanaotaka kujenga nyumba ya uzazi kule Masaka, nje kidogo ya Kigali, watakuja kuona ramani. Mpaka siku hiyo awe amechagua programu moja na kuimudu. Asipoweza, wauzaji wataleta mtu wao, na yeye atapelekwa Cyangugu kusimamia ujenzi mwaka mzima. Cyangugu, Mjomba! Ng'ambo ya msitu, mwisho wa nchi. Mimi nimeolewa na mtu, sijaolewa na posta.

Kitabu chenyewe amekileta nyumbani na kukisukuma chini ya kiti, kama mtu anayeficha sahani aliyoivunja. Nakiona kutoka hapa nilipokaa.

Mpwa wako ambaye furaha yake haienei kwenye bahasha,
Athanasie


Dar es Salaam, 9 Aprili 1992

Mpwa wangu Athanasie,

Barua imefika ikiwa imelowa kona moja, sijui ni mvua au ni machozi yako ya furaha. Huku masika imeanza na mtaa wetu umekuwa ziwa. Bibi yako ameandika kutoka Kigoma kwamba bata wake wamezaana na kwamba anasubiri picha za harusi, maelezo amechoka nayo. Mtumie.

Habari ya kufungiwa ndani imenichekesha. Tangu utoto wako nimetafuta njia ya kukukalisha mahali pamoja, kumbe dawa ni mama mkwe.

Kuhusu hizo kompyuta, mimi nimechora mabomba kwa penseli tangu hujazaliwa. Penseli ikikosea, unafuta. Haina kitabu, haitaki umeme, haizungumzi Kiingereza. Lakini sitamvunja moyo mkwe wangu. Mwambie tu asichague kitu kimoja kwa sababu anakiogopa kingine.

Mimi sina neno. Ofisini wamenipa chumba changu peke yangu, kule nyuma, kimya kabisa, kina makabati mengi. Hakuna anayenisumbua. Napata hata muda wa kuandika barua mchana, kama unavyoona. Na usishangae karatasi: upande wa pili ni ramani ya vyoo vya benki moja ya hapa mjini, kazi yangu ya zamani. Itazame, ni nzuri.

Redio inasema mengi kuhusu vita vya huko. Niambie mko salama.

Mjomba wako,
Silvère


Kigali, 10 Mei 1992

Mjomba mpendwa,

Nimetoka! Jumamosi baada ya Pasaka walikuja na ngoma, vibuyu, na wimbo mrefu wa kunisifia mambo ambayo sijayafanya bado. Nikapewa ufagio, nikafagia mara mbili, watu wakashangilia kana kwamba nimelima shamba. Picha za Bibi nimezituma. Na hongera kwa chumba chako! Nilimwambia Jean-Berchmans, "Unaona? Mjomba wangu ni mkubwa, ana ofisi yake na makabati yake." Anakuonea wivu, maana yeye anagawana meza moja na Illuminée, karani wao, ambaye ameivalisha kompyuta kitambaa cha kufuma na hamruhusu mtu kuigusa kabla hajanawa mikono.

Sasa sikiliza. Nilikatazwa kupika, nilikatazwa kufagia, lakini hakuna aliyenikataza kusoma. Wiki ya pili ya kifungo nilikivuta kile kitabu kutoka chini ya kiti. Mwanzoni nilitaka tu kuona Kiingereza cha shule ya Tabora kama kimebaki kichwani. Kumbe kimebaki! Basi kila jioni, chakula kikiiva kwa mama mkwe, nilikuwa namsomea mume wangu ukurasa kwa Kiswahili, yeye anauliza kwa Kifaransa, tunakubaliana kwa mikono.

Kompyuta iko ofisini, kwa hiyo meza yetu ndiyo ilikuwa kioo. Kona moja ya meza ni sifuri. Ukingo huu urefu, ukingo ule upana, na chupa ya soda iliyosimama pale konani ndiyo kimo. Mabomba tuliyafanya kwa makaroni, tangi kwa kiazi, nyaya kwa nyuzi nyekundu za mama mkwe, ambaye hatukumwomba. Siku moja akaingia ghafla.

"Mana yanjye! Mugeni anachezea chakula?" akamwita Mungu wake, na mugeni kwao ni bibi harusi.

"Mama, hii si chakula," Jean-Berchmans akamwambia. "Hii ni maji taka."

"Ndiyo sababu mimi sikulagi makaroni," akasema. Akageuka kuondoka. Akarudi. Akatazama meza kwa muda. "Na hapa wamama watazalia wapi?" Nikamwonyesha. Akatoa uzi wa kijani kwenye kikapu chake na kuuweka yeye mwenyewe, akasema taa ya chumba hicho iwe yake.

Kuchagua ndiko kulikotuletea ugomvi wetu wa kwanza. Ulidumu kama mvua ya dakika moja, lakini ulikuwa ugomvi. Jean-Berchmans alitaka ile ya Kifaransa. "Ile najua lugha yake," akasema. Nami nikamjibu, "Ile unajua lugha yake. Lakini kwa hii una mimi." Kisha akanishika mkono wenye unga wa makaroni, na nisingependa kukueleza zaidi. Ukweli, Mjomba, sikuitetea ya Kiingereza kwa sababu ni bora. Niliitetea kwa sababu ilinihitaji.

Basi tumeichagua. Tumejifunza tabaka: mabomba unayaweka kwenye tabaka moja, nyaya kwenye jingine, ukizima moja unaliona jingine. Ghorofa mbili za nyumba ya uzazi tumeshaziingiza, na ya tatu tunaimaliza wiki hii. Ila kuitazama kutoka ubavuni bado hatujaitazama. Mashine inachukua muda mrefu kuchora ubavu mpaka umeme unakatika kabla haijafika nusu, kwa hiyo tunaangalia kutoka juu tu.

Redio usiniulize. Nimeifunika kitambaa, na juu yake nimeweka picha ya harusi.

Mpwa wako aliye huru,
Athanasie


Dar es Salaam, 8 Juni 1992

Mpwa wangu,

Sitaandika mengi, jino linanisumbua. Bibi yako amepata picha. Anasema mumeo ana masikio ya mtu mwaminifu.

Nimeisoma barua yako mara mbili na nina maswali mawili. La kwanza: hao waliochagua, waliojifunza tabaka, wanaomaliza ghorofa ya tatu, ni nani na nani? Mwenye kazi nilidhani ni mmoja. Sikulazimishi kujibu.

La pili ni la kazi. Nilipita Kigali zamani, nikaingia dukani kwa mlango wa barabarani nikidhani niko chini kabisa. Kwenda dirisha la nyuma, naona vilele vya miti. Nyumba yote ilikuwa chini yangu! Huko kwenu watu wanaingilia juu na kuhesabu ghorofa wakishuka. Huku pwani tunahesabu tukipanda, na nadhani waliotengeneza hiyo mashine nao wanahesabu hivyo. Je, mmeiambia sifuri iko wapi?

Labda mmeshafikiria. Ninyi ni vijana.

Mjomba wako,
Silvère


Kigali, 19 Julai 1992

Mjomba, Mjomba, Mjomba!

Barua yako ya Juni imefika jana. Jana! Masista walikuja Jumanne. Posta ikifika mbinguni nitaishtaki.

Nianze na salamu, nisije nikaonekana sikulelewa. Tuko wazima, Mama Mukantwari anakupa pole ya jino na anashauri karafuu. Sasa nijibu swali lako la kwanza, maana la pili limeshajibiwa mbele ya watu. Ndiyo, ni mimi. Tangu Mei, ofisi ikifungwa jioni, Illuminée ananiacha ninawe mikono na kukaa kwenye mashine. Jean-Berchmans ananiambia bomba lipite wapi, lina kipenyo gani, literemke kiasi gani, nami naingiza. Patron hakujua. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka uendelee kumwona mkwe wako kuwa ni shujaa peke yake. Anatosha kuwa shujaa, lakini kwenye kibodi anatumia kidole kimoja, tena kwa woga, kama mtu anayeonja uji wa moto.

Siku ikafika. Masista watatu, Bwana Nsengiyumva amevaa tai, Illuminée ameweka maua. Mimi nilikaribishwa kama mke aliyeleta maandazi. Jean-Berchmans akawaonyesha ghorofa moja moja kutoka juu. Safi! Masista wanaitikia kwa vichwa. Kisha patron akasema, "Sasa tuone jengo lote, kwa ubavu."

Mashine ikaanza kuchora, mstari kwa mstari, kuanzia chini. Wa kwanza kutokea ni mlango mkubwa na mapokezi. Vizuri. Juu yake wodi. Vizuri. Juu ya wodi, dari lenyewe likiwa bado halijakamilika, ikatokea sehemu ya kufulia nguo. Nikaona uso wa Jean-Berchmans ukibadilika. Na juu kabisa, mahali ambapo msalaba ungesimama, likachorwa taratibu, bila haya, shimo la maji taka.

Ramani za msanifu zimeandikwa kama watu wote wa hapa wanavyohesabu: moja ni barabarani, mbili ni chini yake, tatu ni bondeni. Nami nimeziingiza moja, mbili, tatu. Mashine ikazipandisha. Jean-Berchmans amezaliwa kwenye mteremko, hakuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanahesabu nyumba kwenda juu. Na mimi wa Kigoma ninayehesabu kwenda juu sikufikiri kwamba kuna watu wanahesabu kwenda chini. Tumeoana, tunakula sahani moja, na hili hatukuwahi kuambiana.

Sista mkubwa, Gahongayire, akainamia kioo akaweka miwani sawa. "Monsieur Jean-Berchmans," akasema, "hii shimo iko juu ya wamama kwa sababu gani? Ni kusudi ikae karibu na Mungu?"

Mimi ndiye niliyecheka kwanza. Sikuweza kujizuia, Mjomba. Kisha masista, kisha Illuminée mpaka akashika maua yasianguke. Patron tu ndiye hakucheka. Akauliza polepole, "Ile programu ya Kifaransa ingefanya kosa kama hii?"

Jean-Berchmans angeweza kusema hapana. Cyangugu ilikuwa imesimama pale mlangoni. Akasema, "Ingefanya, Patron. Lakini ile inachora ghorofa moja moja, haingetuonyesha. Tungeona kila karatasi iko safi, tunaenda kujenga."

"Basi hii haijui kuficha," akasema Sista Gahongayire. "Mimi napenda mashine kama hiyo. Sina watu wengi wa hivyo."

Patron akatupa muda mpaka mwisho wa Agosti kulirekebisha jengo. Kisha akaniangalia, akaangalia sahani ya maandazi, akaniangalia tena. "Na Madame," akasema, "kwa nini wewe iko umecheka kabla ya wenye kujua?"

Nikachukua sahani ya maandazi, nikaanza kuwagawia masista. Nimeandika barua hii huku begi la safari la Jean-Berchmans likinitazama kutoka juu ya kabati.

Athanasie wako


Dar es Salaam, 16 Agosti 1992

Mpwa wangu,

Nimecheka kwenye chumba changu mpaka wale wa kompyuta, ambao ofisi imewapa chumba cha mbele, wakaja kuuliza kama mimi ni mzima. Huku nyuma hawaji mara nyingi, huwa wanakuja tu wakitafuta ramani ya zamani niwatolee kabatini. Niliwasimulia habari ya shimo. Wakacheka nao, mmoja akaniambia nije kuona mashine yao inavyolizungusha jengo. Nilifika mpaka mlangoni. Linazunguka kweli. Kisha nikakumbuka nina kazi.

Karafuu imesaidia, mshukuru Mama Mukantwari. Bibi yako hajambo, bata mmoja ameibwa na anamjua mwizi.

Mkwe wangu alijibu vizuri. Wapo wengi ambao wangesema hapana. Na wewe, mtu akikuuliza tena kwa nini umecheka, mwambie. Wewe si mwizi wa bata.

Rekebisheni hivi: sifuri iwe barabarani, na kila kitu cha chini kiwe na alama ya kutoa. Nadhani mashine inakubali. Sijui, sijawahi kuigusa.

Silvère


Kigali, 27 Septemba 1992

Mjomba wangu,

Mashine inakubali! Sifuri iko barabarani, wodi ziko kasoro mita tatu, ufuaji kasoro mita sita, na shimo limeshuka kutoka mbinguni likakaa bondeni kama adabu inavyotaka. Na tulipolizungusha jengo ubavuni tuliona jambo jingine: bomba la maji ya moto lilikuwa linapita katikati ya mfereji wa hewa wa chumba cha kujifungulia, pale pale penye taa ya Mama Mukantwari. Kosa lile lile la ukuta uliobomolewa! Safari hii hakuna tofali lililovunjwa. Jean-Berchmans aliliinua bomba kwa kuniambia namba mbili.

Patron alikuja kuona. Akazunguka, akazunguka, akauliza, "Nani amesoma kitabu?" Jean-Berchmans akasema, "Mke wangu, Patron. Kutoka mwanzo." Kwa sauti kubwa, Mjomba, kama siku ile ya padri.

Bwana Nsengiyumva akapiga makofi. "Bon! Nimepata mtu ya mashine. Madame ataanza kazi Jumatatu. Sasa Jean-Berchmans iko libre, anaweza kwenda Cyangugu."

Unaelewa? Tulikuwa tumeshinda, na ushindi wenyewe ndio uliokuwa unamfungia mzigo. Nikasema, "Patron, mimi ndiye niliyeweka shimo la choo juu ya wazazi. Kitabu nakijua, bomba silijui. Ukiniacha peke yangu nitakujengea hospitali nzuri, na maji yatapanda mlima. Ukimwacha yeye peke yake, hatajua kuiwasha. Hapa una mtu mmoja mwenye mikono minne. Ukimkata katikati unabaki na nini?"

Illuminée akasema bila kuinua macho, "Patron, ukiwaweka kwenye kiti kimoja, kazi nani atafanya?"

"Viti viwili," akasema patron. "Na viwe mbali." Akashika kichwa. Akaanza kutaja nani aende Cyangugu. Hakuna anayejua kazi ile isipokuwa Jean-Berchmans na yeye mwenyewe. Basi ataenda yeye mwenyewe, kila mwezi siku kadhaa, na kinachomuuma si msitu, ni kwamba mama mkwe wake anakaa huko. Begi letu limebaki juu ya kabati. Nimelijaza nguo za baridi ili lisiweze kubeba kitu kingine.

Sasa nina neno na wewe. Nimesoma tena barua zako zote kwa mpangilio. Chumba cha nyuma. Makabati mengi. Hakuna anayekusumbua. Nami nilikupongeza! Sikulazimishi kujibu, kama wewe ambavyo hukunilazimisha nilipoandika "tumeichagua." Lakini ndani ya bahasha hii utakuta kurasa nilizokuwa namwandikia Jean-Berchmans, maelezo ya mwanzo kwa Kiswahili: kuiwasha, kuweka sifuri, kuchora mstari, kuupa kimo. Karatasi ya kwanza ina doa la mchuzi, ni lake. Wale waliokuita mlangoni wanajua kuizungusha. Sidhani wanajua bomba linataka nini.

Nimekuwekea pia ramani ya nyumba yetu. Haipo bado, ni kiwanja kidogo tu Masaka chenye migomba ya mwenyewe wa zamani, lakini kwenye mashine imeshajengwa. Sebule, jiko, chumba chetu, chumba cha Mama Mukantwari, na kile kidogo cha pembeni ambacho hakina jina. Niambie kama mabomba yamekaa sawa.

Siku hizi makaroni siwezi hata kuyanusa.

Mpwa wako,
Athanasie


Dar es Salaam, 13 Desemba 1992

Mpwa wangu, na wewe mkwe wangu Jean-Berchmans, maana naona barua hii mtaisoma vichwa viwili,

Nimechelewa kujibu, na safari hii posta haina kosa.

Habari za huku ni njema. Bibi yako amempata bata wake, au bata mwingine anayefanana naye, hakutaka kufafanua. Ameniuliza kwa nini nimenunua sufu nyeupe na kumtumia, nami nimemwambia asubiri, mwenye habari ataandika mwenyewe.

Nyumba nimeiona. Jiko na bafu mmevipanga ukuta mmoja, vizuri, mabomba yatakuwa mafupi. Tangi liinueni kidogo. Lakini kile chumba kisicho na jina kina makosa mawili. Dirisha liko chini mno, mwenye chumba akijifunza kupanda atatoka nalo. Na kiko mbali na chenu. Kisogezeni, mtanishukuru usiku.

Kurasa zako nilikaa nazo kabatini muda. Kisha siku moja wale wa mbele walikwenda kula, nikaingia, nikanawa mikono kama Illuminée anavyotaka, nikaiwasha. Waliporudi nilikuwa bado nimekaa, na hakuna aliyeniambia niondoke. Mmoja akavuta kiti. Akaniuliza bomba la maji taka linateremka kiasi gani kwa kila mita, nikamwambia. Nikamuuliza tabaka linazimwaje, akanionyesha. Sasa naenda kila siku. Chumba cha nyuma kimebaki na makabati yake.

Ndani ya bahasha utakuta kazi yangu ya kwanza ya vipimo vitatu. Si bomba. Ni kitanda kidogo chenye vizuizi pande zote, cha kuingia katika kile chumba. Vipimo ni vya kweli, seremala yeyote wa Muhima ataweza kukitengeneza.

Ukikikuta miguu iko juu, geuza karatasi. Mimi bado natafuta sifuri yangu.

Mjomba wenu,
Silvère